Chuma cha Vitumbua

Sogeeni mbele, ndugu zangu, sogeeni. Kina mama huko nyuma ya pazia, msiponisikia mniambie, maana sauti yangu leo imekwisha. Wiki hii nimeitwa kusuluhisha nyumba tatu, na ugomvi wa zote tatu ni mmoja: pesa ya Arabuni imechelewa. Wallahi nimechoka. Basi leo sifungui kitabu. Nitawapa mfano tu, mkautafune nyumbani.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, akikaanga vitumbua barazani kwake. Alikuwa na chuma cha vitumbua, kile chenye vishimo saba, alichoachiwa na mama yake mzazi. Watoto wake walikuwa watatu. Kijana mkubwa alisukuma mkokoteni wa maji, wa pili alisuka makuti, na binti yao wa mwisho alitwanga mchele na kupuliza moto. Walikuwa maskini? Maskini hasa! Paa linavuja, macho ya mama yameharibika kwa moshi. Lakini ilikuwa nyumba ya mikono minane, na kila mkono una kazi yake.

Binti akapata kazi ya ndani Arabuni. Siku ya kuondoka akamshika mama yake, akamwambia, "Miaka miwili tu, mama. Nikirudi nafungua genge langu hapa hapa, silali tena mbali na wewe."

Na pesa ikaja. Nisiwe mwongo mbele yenu, ilifanya kazi. Paa likaezekwa mabati, mama akatibiwa macho, daku ya Ramadhani ikawa na nyama. Nani hapa atasema haikuwa heri? Ilikuwa heri tupu.

Shida ilianzia midomoni mwa watu. Mashoga zake wakamwambia, "Haya, bibi we! Mwanao yuko Arabuni, na wewe bado unafukizwa moshi barazani? Unamtia aibu mtoto." Mama akaona haya. Chuma akamwazima jirani, mwanamke asiye na mtu yeyote ng'ambo. Kijana mkubwa akauza mkokoteni, kwani mtu mwenye dada Arabuni atasukumaje maji? Wa pili akaacha makuti, akaoa. Mkubwa naye akaoa, tena akaongeza mke wa pili. Nyumba ikajaa watu kumi na mmoja, na mikono inayofanya kazi ni miwili tu, nayo iko mbali.

Miaka miwili ikatimia. Binti akapiga simu. "Mama, nataka kurudi."

"Rudi mwanangu, ila tumalizie kwanza vigae vya sebuleni."

Mwaka wa nne akapiga tena. "Mama, mgongo unaniuma sana. Nataka kurudi."

"Pole mwanangu. Rudi, ila ngoja kaka yako aoe mke wa pili, harusi ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha."

Mnaijua simu hiyo? Mnainamisha vichwa. Kuna aliyeipiga jana.

Mwaka wa saba, mwezi mmoja pesa haikuja. Wa pili pia haikuja, na simu yake haipatikani. Mnadhani walisema, jamani tumtafute, huenda anaumwa? Thubutu! Walisema ameota kiburi. Kaka mkubwa akamtumia ujumbe wa sauti: "Wewe, unatuua njaa huku!"

Mwezi wa tatu, baada ya adhuhuri, binti akatokea kwa miguu. Begi moja begani, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kanga. Alikuwa ameanguka ngazini akiosha madirisha ya watu, mfupa ukaungwa vibaya, vidole havikunjiki tena.

Kaka akachungulia barabarani nyuma yake. "Mizigo inakuja na gari gani?"

"Hakuna mizigo, kaka."

Mama akamkumbatia akalia. Nisimdhulumu, alilia kwa uchungu. Kisha akajifuta macho, yale yale yaliyotibiwa, akamuuliza, "Wamekwambia urudi kazini lini?"

Ni yule jirani aliyepaza sauti kutoka barazani kwake: "Mwanangu, umekula?" Binti akaenda akaketi pale, akala vitumbua vitatu kwa mkono wa kushoto, Mungu anajua udhuru wake. Machozi yanamtoka. Akasema, "Miaka saba, mama, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Asubuhi yake jirani akarudisha chuma. "Shoga, chukua chako. Kimenisomeshea wanangu watatu, sasa kitawafaa nyinyi." Mama akakiteleka juu ya mafiga. Kuni zilikuwa mbichi, moto unagoma. Akauliza, "Nani atanipulizia?"

Wale vijana wawili, wazima wa afya, wameketi kwenye makochi. Wakageuka, wote wawili, wakamtazama dada yao.

Naye akapiga magoti, akapuliza.

Mlitaka niseme walijuta? Sijui kama walijuta. Nataka kujua sisi je. Maana hatuwezi kuwacheka wale vijana, sisi tunaokaa vijiweni tangu asubuhi tukisubiri simu ilie. Mtoto ametuma pesa tuinuke, sisi tumeifanya godoro. Siku pesa ikikatika tunarudi kwenye umaskini ule ule, ila safari hii hatuna mkokoteni, hatuna makuti, na mtoto ameharibika mkono.

Na mimi imamu wenu simo nje. Mabati haya ya msikiti yaliyo juu ya vichwa vyetu yametoka kwa binti zetu. Niliyapokea nikatangaza kwa kipaza sauti. Sikumuuliza hata mmoja wao analala wapi. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Basi mkitoka hapa wapigieni. Usianze na unga, usianze na ada. Muulize amekula nini leo, halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Na akikwambia anataka kurudi, mwambie rudi, mwanangu. Iishie hapo. Nakuomba, usitie "ila".