Kabichi za Mzee Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa kabichi!"
"Nene!"
"Inang'aa!"
"Kama kioo!"
"Nani kaila?"
"Si mwenye shamba!"

Hapo kale palikuwa na Mzee Fisi, mkulima wa kabichi. Jioni hupiga dawa, fshii! fshii! Asubuhi huvuna, huyoo sokoni. Kabichi zake hazikuwa na tundu hata moja.

Mama Pimbi alinunua, akapika, mwanawe Kitufe akala. Kabla sufuria haijaoshwa Kitufe akatapika, macho yakavimba, mikono ikamtetemeka. Mama akafunga safari hadi kwa Fisi.

"Mzee Fisi, mwanangu anaumwa na kabichi zako."

"Mwanao mdekaji tu! Mbona wangu mzima?"

Kweli, Bonge mwana wa Fisi alikuwa mzima, mashavu tele. Mama Pimbi akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia uani. Lo! Kijishamba cha kabichi za nyumbani, kisichojua dawa, majani yote tundu tupu. 

Kesho yake sokoni akapita meza hadi meza. "Mama zangu, isiyo na tundu msinunue! Kama kiwavi kaikataa, sisi tunaitakia nini?" Wote wakadai tundu. Kabichi za Fisi zikadoda.

Fisi akajiona mjanja. Akachukua msumari, to! to! to! Akatoboa kabichi zote, akazirudisha mezani huku akicheka. "Haya, tundu hizo! Viwavi wamekula wakashiba!"

Mama Pimbi akachukua kabichi moja. Akamwita Bonge, aliyekuwa akicheza kando ya baba yake. "Mwanangu, njoo utuonjee hii."

Bonge akaona tundu, akafurahi. "Baba, kumbe umeleta zetu za nyumbani!" Akachuma jani, akalipeleka kinywani.

Fisi akaruka juu ya meza. "Tupa! Tupa, Bonge! Hiyo ni ya kuuza!"

Mama Pimbi akawaambia wenzake alichokiona nyuma ya nyumba ya Fisi. Kisha kina mama wakabeba vikapu vyao, wakaenda moja kwa moja uani kwa Fisi, wakavuna kijishamba chote. Mama Pimbi akamchagulia Kitufe kabichi kubwa kuliko zote.

"Wezi!" Fisi akalia. "Mwanangu atakula nini?"

"Si una meza nzima, mzee?" akajibu Mama Pimbi, akaenda zake.

Ngano yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa na dawa, mrudishieni Fisi. Na funzo lake, watoto, ni hili: mheshimuni mkulima, kuleni alichowauzia, wala msimuulize mwanawe anakula nini.