Kibao cha Kushoto

Tulifundishwa methali ya vyaelea tukiwa wadogo, tukaikariri, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Maana yake ni kwamba kila kinachopendeza machoni kina jasho la mtu nyuma yake, ingawa mtazamaji halioni. Kwamboka wa Marani hakuisahau, kwa kuwa jasho lenyewe lilikuwa lake.

Baba yake, Okemwa, alikuwa seremala wa kusifika. Nusu ya vitanda vya Kitutu vilitoka mikononi mwake. Kisha mikono hiyo ikaanza kutetemeka, na randa ikamkataa. Kwamboka akaacha kuchuma majani chai kule Itumbe, akarudi nyumbani kushika randa. Wateja walimjia shingo upande, maana walijiuliza, mwanamke na msumeno wapi na wapi?

Siku moja akaja Mohamednoor, mwuza samaki wa mjini Kisii, aliyekuwa na mashua ya injini katika Ziwa Viktoria. Mkononi alishika kibao chenye mkato wa mshazari upande wa mbele. Akaeleza kwamba vibao vya aina hiyo huwa viwili. Mashua ikienda huvikokota kwa kamba, kimoja kikijitenga kulia na kingine kushoto, na kila kamba hushika mshipi wa ndoana kwa kibanio. Hivyo ndoana hupita mbali na kelele za injini, na mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hashtuki.

"Mwenzake alipotelea ziwani," alisema. "Nitengenezee kama hiki."

Kwamboka akachagua ubao mwepesi wa saiprasi, akapima, akakata, akapiga msasa. Vibao viwili vilipolazwa pamoja, mtu hangejua kipi cha dukani na kipi cha Marani. Moyo wake ulijaa.

Siku ya tatu Mohamednoor alirudi na Zaki, nahodha wake. Zaki alikitupa kibao kipya juu ya meza ya kazi, na kile cha dukani kando yake.

"Hiki chako tulikitia kushoto," alisema, "kikakataa kukaa. Kikapita nyuma ya mashua kumfuata mwenzake kulia. Mishipi ilisokotana hadi tukaikata kwa kisu. Nyinyi watu wa mlimani ziwa mnaliona kwenye kalenda tu."

"Si uliniambia kama hiki?" Kwamboka alimwuliza Mohamednoor. Alikuwa na haki, lakini haki haikuzisokotoa kamba.

Okemwa aliita kutoka kitini pake, "Baba, hebu lete nishike."

Zaki alikunja uso. "Mzee anamwita binti yake baba?"

"Kwa Kigusii baba ni mama," alisema Mohamednoor, ambaye alizaliwa Kisii. "Huyu ana jina la mamake mzee. Neno ni lilelile, wao wameligeuza upande."

Okemwa alivipapasa vile vibao kwa muda. "Uliangalia kinavyofanana," alimwambia binti yake. "Hukuuliza kinafanya kazi gani. Kazi ya hapa haijawahi kurudi mara mbili. Hii ikirudi tena nafunga karakana, nawe urudi kwa majani chai. Heri jina langu lilale kuliko lichekwe." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Kwamboka.

Mohamednoor akampa hadi Jumapili, kwani Ijumaa ilikuwa ya msikiti wake na Jumamosi ilikuwa Sabato ya kanisa la akina Okemwa.

Walipoondoka, Kwamboka alikaa akilizungusha lile neno kichwani. Huyu akisema baba anamtaja mzazi wa kiume, yule akisema baba anamtaja mzazi wa kike. Akazitazama ndara zake. Ya kushoto haikuwa kama ya kulia, ilikuwa mwenzake. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejigundua ujinga. Mteja hakuhitaji kibao kama hiki. Alihitaji mwenza wa hiki.

Akachukua ubao mpya, akakata mshazari wa mbele ukielekea upande wa pili. Jumatano asubuhi akaenda Nyansiongo, shambani kwa shangazi yake Abigael, penye bwawa lililochimbwa enzi za walowezi. Alitembea ukingoni, maji yakiwa kushoto kwake, akikivuta kibao kwa kamba. Wachungaji wa ng'ombe walisimama.

"Dada, unapeleka ubao malishoni?" mmoja aliuliza.

"Ukishiba nitawaambia," alijibu, asigeuke.

Kibao kililala kifudifudi juu ya maji. Akatoboa ukingo wake wa chini, akapachika kipande cha jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago, liwe uzito. Kikasimama wima, ila kikamfuata ukingoni kama mbuzi aliyezoea kamba. Akaiziba tundu ya kamba, akatoboa nyingine nyuma zaidi, na kibao kikazunguka kama pia. Akaziba, akatoboa tena mbele kidogo. Alhamisi ilimkuta kwenye tundu ya sita, viganja vimechubuka. Shangazi alimsihi apumzike.

"Nikipumzika sasa, nitapumzika Itumbe," alisema.

Ijumaa jua likikaribia kutua, naye akijua kwamba likitua Sabato itaingia na zana zitalala, alifunga kamba kwenye tundu ya kumi. Akatembea. Kibao kilisita, kikainamisha pua, kisha kikaivuta kamba hadi ikakaza na kwenda zake katikati ya bwawa. Kwamboka alilia waziwazi mbele ya wachungaji, na safari hii hakuna aliyemtania.

Hakupata muda wa kuunda kingine kisafi. Jumapili walishuka ziwani na kibao hicho hicho chenye viraka. Okemwa alipanda mashua pia, mikono ikitetemeka juu ya magoti.

"Punguza mwendo," Kwamboka alimwambia Zaki. "Tutoe kimoja kwanza, kamba polepole. Na usikate kona ghafla."

Zaki alitii kwa kuguna. Kibao cha kulia kilikwenda kulia. Kisha Kwamboka akakiachia chake. Kilielekea kushoto, mbali, kikasimama mahali pake huku maji yakigawanyika mbele yake. Haukupita muda, kibanio cha kushoto kikaachia mshipi. Walipouvuta walimtoa mbuta mkubwa, Zaki akamshika kwa mikono miwili.

"Kumbe ni rahisi hivi," Zaki alisema. "Kibao tu, kinaelea chenyewe."

Kwamboka alitaka kujibu, lakini baba yake alimtangulia. Alikiomba kibao kilipovutwa ndani, akakigeuza ubavu wa ndani, akaupeleka mkono wa Zaki juu ya viraka, tundu moja baada ya nyingine.

"Hesabu," alimwambia.

Zaki alihesabu kwa sauti, na sauti ikawa inapungua. Alipofika kumi alimtazama Kwamboka, akavitazama viganja vyake, akainamisha kichwa. "Nisamehe, fundi," alisema.

Okemwa alimrudishia binti yake kibao. "Kesho fungua karakana mapema, baba," alisema, na Mohamednoor akasema naye ataleta mbao za mashua nzima.

Basi, msomaji, usidanganywe na wepesi wa kitu juu ya maji: ukiona vyaelea, vimeundwa.