Kwa Nini Anayeshindwa Kitendawili Hutoa Mji

Zamani sana, Waswahili hawakuwa na vitendawili. Aliyetaka kumshinda mwenzake alishika mkuki au rungu, na mnyonge alinyamaza. Hata neno lenyewe halikuwapo. Tulipewa na mwanamke mmoja, Mize binti Shee, msokota kamba wa mji wa Shungwi.

Shungwi ulikuwa mji mdogo, lakini kisima chake hakikukauka hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Mwaka mmoja mvua zilikosekana kabisa, na visima vya Mkadini, mji mkubwa wa jirani, vikabaki matope. Watu wa Shungwi waliwaambia majirani waje wachote. Lakini Ngwali, jumbe wa Mkadini, hakuwa mtu wa kuomba. Alingoja wanaume wa Shungwi waende kukata boriti kwenye mikoko, mwendo wa siku mbili, kisha akaja na watu arobaini wenye mikuki.

Wanawake walikimbilia vichakani na watoto wao. Mize naye angekimbia, ila miaka iliyopita mumewe alifukiwa na udongo akafa akikichimba kisima kile, na miguu yake ilikataa kukiacha. Alijifunga kibwebwe, akaanza kuteka maji huku akijifanya bibi asiyejua kinachoendelea.

"Karibuni, baba zangu. Mna kiu?"

Ngwali akacheka. "Toka hapo, mama. Kuanzia leo kisima hiki na mji huu ni vyangu."

"Sawa, bwana wangu. Ila nasikia jumbe wa Mkadini hakuna asichokijua. Mimi nina kitu kimoja kinachotenda mawili, kitenda-wili. Ukikitambua, nitakukabidhi kisima mwenyewe kwa mikono yangu. Ukishindwa, utanipa mji nitakaoutaka."

Watu wake wote wakamtazama. Ngwali akaona haya kurudi nyuma mbele yao. Akaapa kwa kaburi la baba yake, kisha akasema, "Haya, tega mtego wako!"

Mize akaishusha ndoo yake ya ngozi, taratibu. "Kikiwa na njaa hushuka kimya. Kikishiba hupanda kikilia."

Ngwali akasema ni fisi. Mize akatikisa kichwa, akavuta kamba. Ngwali akasema ni mwezi, akasema ni mtoto mgongoni mwa mamaye. Ndoo ilishuka na kupanda, ikidondosha maji mbele ya macho yake, naye asiione, maana tangu azaliwe hakuwahi kuteka maji, aliletewa tu. Jua likafika utosini. Jasho likamtiririka.

"Nimeshindwa," akasema mwishowe. "Niambie."

"Kwanza nipe mji."

Akampa kijiji cha wavuvi, Mize akakikataa. Akampa mji wa wafua chuma, akaukataa pia.

"Nipe huu uliokuja kuuchukua," alisema Mize, na safari hii sauti yake haikuwa ya bibi asiyejua kitu. "Nipe Shungwi."

Ngwali akageuka kuwatazama watu wake. Kiapo walikuwa wamekisikia wote arobaini. "Chukua Shungwi," akasema.

Hapo ndipo Mize alipomwonyesha ndoo iliyojaa, ikilia matone. Mmoja wa wenye mikuki aliangua kicheko, wenzake wakamfuata. Ngwali akaweka mkuki wake chini, akaomba maji ya kunywa, na Mize akampa kwa mikono miwili.

Na tangu siku hiyo, maneno yanayojifanya kitu hiki kumbe ni kile yakaitwa kitendawili. Anayeuliza husema, "Kitendawili!" na mwenzake hujibu, "Tega!" kama alivyojibu jumbe yule. Wala hakuna anayefunuliwa jibu kabla hajatoa mji. Ndiyo maana hata leo, binti mdogo kuliko wote barazani huweza kuwashinda wajomba zake wote, wakamtajia miji mikubwa mikubwa, naye akaikataa mmoja baada ya mwingine, kidevu juu, mpaka atajiwe ule anaoutaka.