Kafi la Fundi Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mto, na mtoni palikuwa na kona. Sogeeni karibu, mimi sirudii mara mbili.

Watu wa kijiji kile walivuka kwa mitumbwi, na makafi yao yalikuwa membamba kama jani la muwa. Siku moja akaja fundi mgeni. Akachonga makafi yenye bapa pana, akawagawia bure.

"Bapa pana huvuta maji," akasema. "Ukipiga kidogo tu, umefika."

Kweli, mitumbwi ikakimbia. Lakini bapa pana lina kelele. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Basi waliovuka jioni wakawa hawarudi. Akaenda mzee Makorani, hakurudi. Akaenda kijana Buya, hakurudi. Akaenda Komora, mume wa Hadhura, naye hakurudi. Watu wakasema ni mamba. Maskini mamba, husingiziwa mengi.

Hadhura akabaki na mtoto mmoja, Maro. Alikuwa amemwachisha ziwa na kumpeleka ng'ambo kwa bibi yake, kama ilivyo desturi. Siku moja ikaja habari kwamba bibi amefariki, na mtoto analia hana wa kumbembeleza. Mama gani angengoja kuche? Jua likizama, akaingia mtumbwini.

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Pale kwenye kona matete yakatikisika, sauti nzito ikaimba:

"Nasikia kafi langu,
nasikia kafi langu,
nasikia chakula changu."

Hadhura akaogopa sana. Akaacha kupiga maji, sauti ikanyamaza. Akapiga tena, sauti ikasogea.

Basi akaelewa. Akatoa kisu, akalichonga lile bapa pande zote mbili, taratibu. Vipande vikaelea mpaka kwenye kona. Mkono wenye manyoya ukatoka majini, ukaviokota kimoja kimoja.

Bapa likabaki jembamba. Akalizamisha kwa ubavu, maji yasiseme neno. Mtumbwi ulikwenda polepole mno na mikono ilimuuma, lakini alipita karibu na zimwi, nalo limetega masikio tu. Akamchukua mwanawe. Wakati wa kurudi akampa ziwa tena, mtoto mkubwa vile, ili asilie.

Asubuhi fundi akaja uani, nguo zinachuruzika maji. Majirani walikuwapo.

"Mama Maro, kafi langu limekukosea nini hata ukalikata?"

Hadhura hakuwa amemwambia mtu. Kafi alikuwa amelificha chini ya kitanda.

"Fundi," akasema, "umeliona wapi?"

Majirani wakatazamana. Fundi akatoka mbio hadi mtoni, akajitosa, hakuibuka. Siku ile ile makafi yote yakachongwa upya, membamba. Komora hakurudi, na Hadhura alimlilia mpaka uzeeni. Watu wa mto ule bado huvuka kimyakimya, maana hakuna aliyeuona mzoga wa zimwi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ukipewa cha bure, uliza kwanza kinamfaa nani.