Stelingi Hupigwa Kwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemuumba tembo akampa masikio mapana, akamuumba na sisimizi asimnyime riziki. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Ngano hii niliipokea kwa shangazi yangu, Bi Mwanaate binti Shee, naye aliipokea kwa Maalim Kombo wa Mbambakofini, naye aliipokea kwa mlinda mlango wa banda la video, mtu ambaye hakuwahi kukosa picha wala sala.

Wenye masikio, mpo?

— Tupo, na mioyo tumekuja nayo!

Niwape, nisiwape?

— Tupe, tusirudi majumbani mikono mitupu!

Hapo kale Chui alikuwa na banda la video, na msitu mzima haukuwa na jingine. Kasuku alikaa juu ya boriti akiwafasiria wanyama maneno ya picha, na maneno yalipokoma alifuata muziki kwa mluzi. Kiingilio kilikuwa yai, na mayai yote aliyala Chui. Tena picha ilipokwisha, Chui alisimama mlangoni, na mlango ulikuwa huo huo mmoja.

"Toeni maoni," alisema. "Mimi napenda kweli."

Kanga alisema picha ilikuwa ndefu. Kesho yake, mahali pa Kanga palikuwa na manyoya tu. Tangu siku ile Swala alisema, "Nzuri, bwana." Punda Milia alisema, "Nzuri, bwana." Kima alisema, "Nzuri mno, bwana!" na kupiga makofi juu yake.

Alasiri moja zamu ikamfikia Bi Sange, kijinyama chenye pua ndefu na miguu kama njiti.

"Na wewe, Bi Pua?"

"Bwana wangu, nikupambe au nikwambie?"

"Niambie."

Kima akafumba macho.

"Picha ya kwanza, ile ya upelelezi, ilitutaka tuhangaike kumtafuta muuaji. Mimi nilimjua tangu mazishini: ni yule aliyelia kuliko mjane. Ya pili, ya karate, ina maadui arubaini na stelingi mmoja, nao wanamwendea mmoja mmoja kwa foleni, kama wanaongoja kisima. Wangemwendea pamoja, tungekuwa tumekwisha kula chakula cha mchana. Na adui mkuu, badala ya kuua, anahutubia."

Chui akanguruma, ngrrr, akainua kucha. "Leo nakula pua kwanza!"

"Kula, bwana," akasema Bi Sange. "Ila nifahamishe jambo moja nife nalijua. Katika picha hii yetu, wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi ni stelingi!"

"Hapo ndipo ninapotatizika. Mkubwa anayemrukia mdogo kabla hajaguswa, huyo siku zote ni adui. Na mwisho wa adui unaujua."

Kucha zikabaki hewani. Chui aliujua mwisho wa adui; alikuwa ameutazama mara nyingi huku akitafuna mayai.

"Stelingi hufanyaje, basi?"

"Stelingi hupigwa kwanza, bwana. Hupigwa mpaka watazamaji watokwe na machozi. Kisha muziki hulia, naye huinuka, na hapo hakuna awezaye kusimama mbele yake. Muulize Kasuku."

"Ndivyo," akasema Kasuku juu ya boriti.

Chui akavimbisha kifua. "Nipigeni! Mmoja mmoja, kwa foleni!"

Akaja Punda Milia: kwata, pu! Chui akauliza, "Bado?"

"Bado, bwana. Muziki haujalia."

Akaja Swala na pembe zake: chomo, pu! "Bado?"

"Bado, bwana. Muziki haujalia."

Akaja Kima na ubao wa benchi: pa! pa! pa! Huyo alirudi kwenye foleni mara ya pili. Wakaja na wana wa Kanga, wakadonoa: do, do, do. Chui akalala chini kifudifudi, sauti imemkauka. "Bado?"

Hapo Kasuku akapiga mluzi mrefu, wa taratibu, mtamu. Chui akainua sikio moja, jingine lilikataa.

"Huo ndio muziki wangu?"

"La, bwana wangu," akasema Bi Sange, akimruka kuuelekea mlango. "Huo ni ule wa mwisho, majina ya wachezaji yanapopanda. Watazamaji huenda zao."

Wakaenda zao. Mayai yaliyosalia wakayachukua. Yale madoa mnayoyaona mgongoni mwa Chui ni ya siku ile, na akilala juu ya mti ametega sikio, anasikiliza kama muziki wake umelia.

Niliyopewa nimeyatoa. Mmeyapokea?

— Tumeyapokea, hatuyaangushi!

Basi, wanangu, fundisho ni hili: mwenye nguvu akikutaka maoni, mpe kweli tupu bila hofu, kwani haijapata kumdhuru mtu, muulizeni Kanga. Na hizo picha za kupigana msizitazame. Hazina faida yoyote kwa mnyonge.

Mwenyezi Mungu awajaalie nyinyi mliosikiliza masikio yasiyochoka, riziki isiyoingiliwa na kucha, na nyumba zenye milango miwili. Amina.