Supachaja ya Bi Mboza Katika Mlima Lukwale

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya fisi kumchumbia mbuzi, nasema zamani ya hapa karibu, magari yalikuwa yameshafika milimani na mazimwi yalikuwa hayajahama. Wengi walioyaona hayo wamekufa, na waliobaki wanaogopa kusema. Mimi nimeishia darasa la tano na siogopi, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Palikuwa na mlima unaitwa Lukwale. Barabara yake ina kona kama utumbo wa mbuzi, na ukungu wake hauondoki hata adhuhuri. Ndani ya ukungu ule lilikaa zimwi. Hakuna aliyeliona lote. Mmoja aliliona goti tu, akarudi nyumbani nywele zimempukutika. Zimwi lile halikimbii. Linatembea tu. Gari likienda, linatembea nyuma yake. Gari likisimama, linafika. Anayetia mguu chini kwenye barabara ile ni wake, hata awe na mbio za paa. Likishampata mmoja linatosheka, linarudi kulala.

Chini ya mlima alikaa Bi Mboza, mkunga, mwenye Landrova kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Juu ya mlima aliolewa binti yake, Sango. Siku moja watu wa juu wakapaza sauti, jabali mpaka jabali, maneno yakamfikia: mimba ya Sango imetimia, mtoto amelala mkingamo, uchungu ukianza kabla mama yake hajafika, wazikwe wawili. Kumgeuza mtoto tumboni, nchi ile yote, walijua mikono ya Bi Mboza peke yake.

Lakini Landrova lilikuwa na kifua. Kwenye tambarare linakohoa, sembuse Lukwale. Bi Mboza akalipeleka gereji kwa Fundi Mbelwa.

Mbelwa alikuwa na supachaja aliyoing'oa kwenye lori lililopinduka. Supachaja, kwa wasioijua, ni pampu ya upepo. Inazungushwa na mkanda wa injini, nayo inaisukumia injini hewa kwa nguvu, hata gari gonjwa linapanda kama beberu. Kuwa nayo si kazi. Kazi ni kujua pa kuiweka.

Mbelwa akafunua boneti, akatazama. "Mahali pake ni hapa juu, kichwani pa injini. Hewa inaingia moja kwa moja. Ila itachomoza. Boneti tuitoboe."

"Boneti haitobolewi," akasema Bi Mboza.

"Mama, ni bati tu."

"Ni bati kwako. Marehemu alilipaka rangi kwa mkono wake. Tafuteni pengine."

Uso wa Mbelwa ukavimba. "Basi iwekeni mnapotaka," akawaambia mafundi wake, akaenda kunywa kahawa.

Wakabaki wawili: Kiango, mwenye maneno, na Shekue, mwenye haya.

"Tuiweke mbele ya rejeta?" akauliza Shekue.

"Uzibe upepo, maji yachemke, tunywe chai? Weka huku ubavuni, karibu na bomba la moshi. Nafasi ipo."

"Na moto upo."

"Moto ukiifikia, sisi tumeshafika juu. Kata chuma, bwana."

Shekue akakata chuma, akatengeneza kiti cha supachaja, wakaikaza kwa bolti. Akafumba jicho moja akaufuata mkanda kwa jicho jingine. Puli mbili, vile vigurudumu vya kuzungushia mkanda, hazikukaa mstari mmoja. Zilipishana kwa unene wa kucha. Akafungua mdomo.

"Unachungulia nini?" akasema Kiango. "Unachagua mchumba?"

Shekue akafunga mdomo.

Sasa, gereji za chini ya Lukwale zina desturi yake. Mkono ulioshika spana hupanda na gari. Fundi habaki chini akapunga mkono. Ndiyo maana mafundi wa kule hawalipui kazi, isipokuwa siku hiyo. Bi Mboza akakaa kwenye usukani. Kiango akapanda. Shekue akapanda. Mara huyo Mbelwa, anajifuta kahawa kwenye masharubu, naye akapanda.

"Wewe hukugusa, bwana mkubwa," akasema Kiango.

"Gereji ni yangu. Sogea."

Wakaingia mlimani. Supachaja ikalia kama nyigu ndani ya chupa, Landrova likaruka kama ndama. Kiango akapiga paja. "Si nilisema?" Kona ikapita, nyingine ikapita, ukungu ukawameza. Hapo nyuma yao wakasikia: pu. Kimya. Pu. Hakuna aliyegeuza shingo.

Mkanda ukaanza kunuka. Mbelwa akainua pua. "Punguza mafuta, mama. Mkanda unajila. Ukikanyaga hivyo utakatika sasa hivi." Bi Mboza akapunguza. Mkanda ukapona, mwendo ukapungua. Pu. Pu.

Kisha moto wa bomba ukaishika supachaja, ikawa inaisukumia injini hewa ya tanuri. Gari likawa kama mtu anayepumua ndani ya blanketi.

"Tupeni vitu," akasema Bi Mboza.

Wakatupa tairi la akiba. Gari likapata pumzi, likapanda, likachoka. Wakatupa sanduku la spana. Gari likapata pumzi, likapanda, likachoka. Wakang'oa viti vya nyuma wakatupa, wakakaa juu ya chuma kitupu. Na kila walichotupa walikisikia kinatafunwa huko nyuma, taratibu, kama mtu anayekula muwa. Kisha pu. Pu.

Wakafika kona ya mwisho, iliyo kali kuliko zote. Juu yao, ng'ambo ya ukungu, mwanamke akalia. Bi Mboza aliijua sauti ile tangu ilipotoka tumboni mwake. Uchungu ulikuwa umeanza. Naye yuko gia ya kwanza, mguu umegusa sakafu, na magurudumu yanakwenda kama konokono.

"Mmoja amezidi," akasema.

Hakuna kilichobaki cha kutupa isipokuwa watu.

Kiango akawahi. "Ashuke Shekue. Puli ndiyo inayoula mkanda, na aliiona imepinda. Unaona kosa unanyamaza, wewe ni fundi au jiwe?"

"Niliona," akasema Shekue. "Lakini mkanda bado upo. Kinachotumaliza ni moto, na moto uliuchagua wewe. Mimi nilitaka mbele. Na ningesema habari ya puli ungenicheka."

"Kucheka hakuui."

"Leo kunaua."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakamgeukia Mbelwa, kwa heshima, maana ni mkubwa wao.

"Bwana mkubwa," akasema Kiango, "tulikuwa watatu. Uliyezidi ni wewe. Nasi ulituachia kazi kwa sababu ya kununa. Ungesimama pale, haya yangetokea?"

"Nisingepanda, mkanda ungekatika kule chini, mngeliwa mchana kweupe," akasema Mbelwa. "Sikushika spana. Desturi hainidai. Nimekuja kwa hiari yangu, halafu aliyekuja kwa hiari ndiye atupwe?" Akaitazama shingo ya Bi Mboza. "Na aliyekataza boneti je? Ningeiweka juu, saa hii tunakunywa uji wa mzazi."

Bi Mboza hakugeuka.

"Kweli nilikataza. Nitashuka. Nani kati yenu anajua kumgeuza mtoto?"

Kiango akaificha mikono yake kwapani.

"Nauliza, nani anajua?"

"Hakuna, mama," akasema Shekue, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini mmoja wetu akishuka, amekufa kwa ajili ya bati."

Hapo gari likainama nyuma, kama kitanda anapokaa mtu mnene. Ukungu ukaingia ndani, una joto, unanuka chuma kilichotafunwa. Kidole kikagusa kioo cha nyuma, polepole, kama mpishi anayejaribu kama muhogo umeiva.

Mimi namjua aliyeshuka. Sahauni kuniuliza, kwa sababu nikiwaambia mtaitikia kwa vichwa na kusema ndivyo ilivyopaswa, kama kawaida yenu. Nataka mchague ninyi, mkiwa mmekaa mle ndani, juu ya chuma kitupu. Mkanda umebaki nyuzi mbili. Sango analia tena, safari hii kwa sauti hafifu. Bi Mboza alipenda boneti. Mbelwa alipenda heshima yake. Kiango alipenda njia ya mkato, na Shekue aliogopa kuchekwa. Mlango ni mmoja, na mkono wa mtu lazima uufungue.

Je, nani alistahili kushuka?