Guta Lililochukua Nafasi ya Machela

Ko! Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo, kisha kimya. Nje kulikuwa bado giza, na Irine akafumbua macho. Akasikia maji yakimiminwa taratibu bandani, upande wa pili wa ukuta, kama mtu anayemnywesha mgonjwa ambaye majirani hawatakiwi kujua kwamba anaumwa. Alikuwa mumewe, Frednand. Alikuwa akijaza maji kwenye rejeta ya guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma, kabla kijiji hakijaamka.

"Limekunywa tena?" Irine alimuuliza aliporudi ndani.

"Punguza sauti, mama Teddy."

"Nani atanisikia? Kuku?"

"Kuku wa hapa wana midomo."

Guta lile halikuwa la Frednand. Lilikuwa mali ya kikundi cha machela cha kitongoji chao, kule Mbuba. Tangu zamani za mababu, mgonjwa wa pale alibebwa na wanaume mabegani kwa zamu, na nyumba isiyotoa bega haikupata bega siku yake. Kikundi kilipouza kahawa ya pamoja na kununua guta, wanawake walipiga vigelegele kama wanaopokea bibi harusi. Machela ikapandishwa darini kwa mwenyekiti, mchwa wakairithi. Frednand, aliyejifunza udereva na ufundi kidogo Kabanga mpakani, alikabidhiwa ufunguo mbele ya kanisa dogo la kigango, katekista akaunyunyizia maji ya baraka. Watu wakaanza kumwita Dokta. Jina hilo lilimkaa kama shati jipya la Pasaka.

Mtu mmoja tu hakumwita hivyo. Huyo ni Methusela, jirani yake, aliyekuwa ameutaka ufunguo ule naye akaukosa. "Dokta wa matairi," alikuwa akisema, na watu walicheka.

Ugonjwa wa guta ulianza kwenye milima. Taa nyekundu ya joto iliwaka, naye Frednand aliposhuka kutazama, alikuta injini inachemka na feni ya rejeta imelala fofofo. Jumapili moja baada ya misa aliamua kuutafuta ugonjwa wenyewe. Alichomoa nyaya mbili zilizoingia kwenye swichi ya joto pembeni mwa rejeta, akazigusanisha. Feni ikavuma vuu!

"Feni nzima, fyuzi nzima," alisema. "Kumbe anayeumwa ni swichi."

Akaifungua swichi yenyewe, kitu kidogo kama nati ya gurudumu, akaifunga kwenye nyaya pamoja na betri na balbu. Kisha akaizamisha kichwa chini katika sufuria ya maji ambayo Irine alikuwa ameyabandika kwa ajili ya ugali. Binti yao Teddy, wa darasa la kwanza, alipewa balbu aishike.

"Hii ni pua ya injini," Frednand alimweleza. "Ikinusa joto inaamsha feni. Ukiona balbu imewaka, sema."

Maji yalitoa mvuke, yakatokota, yakaruka hadi kwenye mafiga. Balbu ikabaki kipofu.

"Haiwaki, baba."

"Imekufa."

"Si afadhali umeujua ugonjwa?" Irine alisema kwa furaha. "Kesho waambie kikundi waagize nyingine Mwanza. Hadi ifike, unganisha hizo nyaya moja kwa moja, feni izunguke muda wote."

Frednand alitikisa kichwa. "Feni ivume asubuhi injini ikiwa baridi? Hata kiziwi atauliza. Methusela ataimba hadi kigangoni: tulimpa guta zima, ameshaliua! Na mwezi huu wanachagua dereva. Uchaguzi ukipita, nitasema."

"Guta si mimba ya miezi miwili, baba Teddy. Halifichiki."

"Mimi ndiye dereva au wewe?"

Frednand alirudisha ile swichi mfu mahali pake, akaifuta vumbi kama mtu anayemfunga macho marehemu. Kisha akachomoa balbu ya taa nyekundu, kwa kuwa taa isiyowaka haimfanyi abiria aulize maswali. Alimgeukia Teddy.

"Mambo haya ni ya nyumbani. Umesikia?"

Mtoto aliitika kwa kichwa.

Kuanzia hapo Frednand akawa mtu wa salamu. Kila mlima alisimama katikati, akazima injini, akashuka. Mara anamwamkia mzee fulani, mara anauliza bei ya maharage, mara anachungulia migomba ya watu, hadi injini ipoe. "Dokta ana wakwe kila kilima," abiria walitania, naye alicheka kuliko wote. Siri ikanenepa.

Alasiri moja mama yake, Bibi Ildefonsa, alirudi kutoka shambani amejikunja, tumbo limekaza kama ngoma. Alitapika, akatapika tena, na macho yake yakaingia ndani. Majirani walimlaza kwenye godoro ndani ya bodi ya guta. Irine alipanda kumshika kichwa, na Teddy akapanda pia kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kumwachia. Hospitali ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima miwili mirefu.

Katikati ya mlima wa kwanza Frednand alipunguza mwendo kama kawaida yake. Bibi Ildefonsa alihisi guta likilegea.

"Mwanangu," alisema kwa shida, "leo usisalimie watu. Nipeleke."

Irine alimtazama mumewe kisogoni. Aliona jasho likimchuruzika, akajua anachopima. Angesimama, mama angechelewa. Asingesimama, injini ingeungua. Frednand akakanyaga gia, akapandisha.

Karibu na kilele mvuke ulifoka chini ya kiti. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa puani, chuma kikasaga chuma, kisha guta likakaza ghafla na kusimama. Frednand alipiga stata mara nyingi. Injini ilikuwa imenoki.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani. "Machela! Leteni machela!" mmoja alipaza sauti, halafu wote wakatazamana, wakakumbuka. Wakakata miti ya mikaratusi, wakafunga vitenge. Bega la kwanza kuingia chini ya mti lilikuwa la Methusela, aliyekuwa akilima karibu na hapo.

"Dokta, shika nyuma!" aliamuru. "Tembeeni!"

Walishuka bonde, wakaanza mlima wa pili wakipokezana. Kabla hawajafika juu, mkono wa Bibi Ildefonsa uliteleza ukaning'inia nje ya kitenge. Bega hujua mzigo unapobadilika. Methusela ndiye aliyegeuka kwanza, na wengine wakageuka naye, wakarudi walikotoka.

Siku ya maziko, kama ilivyo desturi, ndugu wa marehemu husimama kando ya kaburi kueleza mpendwa aliugua nini na alifikwaje na mauti. Frednand alisimama.

"Mama alishikwa na tumbo," alisema. "Tulimuwahi. Lakini chombo kiliharibika ghafla njiani. Asubuhi kilikuwa kizima kabisa."

Irine alimtazama, akamwombea kimoyomoyo aongeze neno moja tu. Frednand alitazama viatu vyake.

Methusela alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Dokta," alisema, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa na kejeli mdomoni mwake. "Chuma ni chuma, huharibika bila kuaga. Hakuna wa kumlaumu. Ndugu zangu, mimi naona hata uchaguzi tuuache, aendelee huyuhuyu."

"Ndiyo! Aendelee!" watu waliitikia.

"Asanteni," Frednand alijibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba kifo hakina ulimi, na siku ya kuumbua huazima ulimi wowote ulio karibu. Teddy alikuwa amesimama kwenye udongo mbichi, ameshika kitenge cha mama yake. Alimtazama Methusela, akamtazama baba yake, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokuwa nyuma kabisa:

"Baba alikuwa anajua."